Bonde Lisilo Kwenye Ramani

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi wa mabwawa ya chumvi, kusini ya Bagamoyo mjini. Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali ni tope na jua. Ukiikaribia ni hesabu. Maji ya bahari huingizwa kwa mlango wa mbao wakati wa bamvua, siku zile chache za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa kupita kawaida. Kisha hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine, kila bwawa likiwa chini ya lililotangulia kwa vidole viwili tu. Ukikosea vidole hivyo viwili, maji yanasimama au yanarudi yalikotoka, na chumvi ya mwezi mzima inaharibika. Tulipima usawa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Mmoja anashika ncha huku, mwingine anashika kule, maji yakitulia pande zote mbili mnaweka alama.

Shule niliishia darasa la saba. Nasema hili mapema kwa sababu lilikuja kusemwa baadaye na mtu mwingine, na nisingependa msomaji alisikie kwake kwanza.

Siku ile ya Desemba, mwaka 2004, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa maji baada ya adhuhuri. Ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kujaa, na daftari langu la maji lilisema nifungue mlango alasiri. Badala ya kuongezeka, maji ya mfereji yakapungua, kisha yakakauka kabisa. Nilitazama saa, nikatazama daftari, nikaanza kujilaumu kwamba nimeandika vibaya. Haikunijia akilini kwamba daftari lilikuwa sahihi na bahari ndiyo iliyokosea.

Mke wangu, tuliyeoana mwaka uleule, alikuwa pwani pamoja na wanawake wenzake wakitafuta kome na pweza. Kwetu bahari ikirudi mbali sana husemwa kuwa imefungua, na ikifungua hakuna anayeuliza sababu. Unachukua kapu, unaifuata. Wakaifuata. Nilisikia vigelegele vyao hadi kwenye mabwawa. Maji yaliporudi hayakurudi kama wimbi lenye povu. Yaliinuka tu, yakaendelea kuinuka, yakawafikia kiunoni yakiwasukuma kama umati wa watu. Makapu yalikwenda. Hakuna aliyekufa kijijini kwetu. Mke wangu alirudi amelowa, anacheka, na pweza mkubwa mkononi. Tulikuwa tunamla jioni ile redio iliposema yaliyotokea Sumatra na kwingineko, na kwamba hata upande wetu wa Afrika wapo waliokufa.

Niliacha kula. Yeye akamaliza.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua. Nilikwenda kwenye duka la kuchapishia mjini, nikamwomba mwenye duka anitafutie kwenye kompyuta maandishi kuhusu tsunami na anichapie. Yalikuwa ya Kiingereza. Nikanunua kamusi. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku nne, wa pili siku tatu. Kufikia mwaka wa sita nilikuwa nasoma bila kamusi, ila kwa maneno machache.

Nilichokielewa ni hiki. Chini ya bahari, gamba la dunia limekatika vipande vikubwa, na mahali pengine kipande kimoja kinajisukuma polepole chini ya kingine. Havitelezi vizuri, vinakwama. Cha juu kinaburutwa na cha chini na kujipinda kidogo kidogo kwa mamia ya miaka, kama ufito unaopindwa. Siku vinapoachiana, ukingo uliopindwa unafyatuka na sakafu ya bahari inainuka kwa dakika chache. Maji yaliyo juu yake hayana muda wa kutiririka kando. Yanainuka pamoja na sakafu, yote, kutoka chini hadi juu. Kilima hicho cha maji kinaposhuka ndipo safari inaanza. Ndiyo maana si kila tetemeko la baharini linaleta tsunami: vipande vikiteleza kwa ubavu tu bila kuinua sakafu, maji yatatikisika yatulie.

Wimbi la upepo linashughulika na ngozi ya bahari. Hili linasogeza bahari nzima. Kwenye kilindi linakwenda kwa mwendo wa ndege na huenda kimo chake kisifike hata magoti, mabaharia walipite bila kujua. Lakini mwendo wake unategemea kina cha maji. Kina kikipungua, linapunguza mwendo. Sehemu ya mbele inapofika maji mafupi inakawia, ya nyuma bado inakuja mbio, basi maji yanarundikana na kupanda. Na kama kilichotangulia ni bonde la wimbi badala ya kilele, bahari hurudi kwanza. Hurudi, watu wakashangilia, wakachukua makapu.

Suala la jinsi wanasayansi wanavyolikadiria wimbi kabla halijatokea lilinitesa zaidi, hadi siku nilipoona mchoro wa modeli yao. Bahari yote imegawanywa miraba. Kila mraba una namba ya kina chake. Kompyuta inapewa kilima cha maji mahali sakafu ilipoinuka, kisha inauliza kila mraba: jirani yako yuko chini yako kiasi gani? Basi mpe maji kiasi hiki. Inafanya hivyo kwa miraba yote, inasogea mbele sekunde kadhaa, inauliza tena, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka maji yafike ufukweni na kupanda nchi kavu. Nilipitisha kidole juu ya mchoro ule, mraba hadi mraba. Lilikuwa shamba la chumvi. Ilikuwa kazi yangu mimi.

Na kwa kuwa ilikuwa kazi yangu, niliuona udhaifu wake. Mraba una namba moja tu. Huko kilindini mraba wa kilomita kadhaa hauna madhara. Karibu na pwani, mraba mpana unaochukua kilima na shimo kwa pamoja utaandika wastani, na kilima hakitakuwepo, na shimo halitakuwepo. Panapokaa watu ndipo vipimo vizuri vinapokosekana.

Kijiji chetu kina vitu vyote viwili. Kaskazini ya mashamba ya mwani, yanayolimwa na wanawake kama vile wenzao wa Mlingotini, kuna kilima cha mchanga chenye makaburi ya zamani. Nyuma ya kilima hicho linaingia hori, mkono mwembamba wa bahari unaopenya kwenye mikoko, ukakizunguka kilima mpaka kwenye bonde lililo mbele yake. Ukitoka kwenye mwani kwenda kilimani, ukishavuka ukingo wa ufukwe lazima ushuke bondeni kwanza.

Mtafiti alikuja miaka michache iliyopita. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mtoto wa mwalimu wa Fukayosi, wilayani kwetu, kwa hiyo si mgeni hasa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ramani ya mahali pa kukimbilia. Aliulizia mtu anayeyajua maji, akaletwa kwangu. Nilimwonyesha madaftari yangu, ya maji na ya yale niliyoyasoma. Alifungua moja, akafungua la pili, akalirudia la kwanza.

"Mwalimu," akasema, "hivi vitu umejifunza wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Mimi nikamwita mdogo wangu. Alikula kwetu kwa misimu miwili. Mke wangu alimpikia samaki wa nazi, na alipougua homa alilala kitanda cha mwanangu mkubwa. Tulipima pamoja, yeye ncha moja ya mpira, mimi ncha nyingine, hatua kwa hatua kutoka ufukweni, kuzunguka hori lote, kupita bondeni, mpaka kwenye mashamba ya mihogo ng'ambo ya barabara. Wanawake walikuwa wakituona wanapaza sauti: "Fundi wa mpira! Baiskeli iko wapi?" Yeye alikuwa akicheka nao.

Siku moja tulipumzika kilimani. Aliniuliza kwa nini watu wanapaamini sana mahali pale. Nikamweleza desturi yetu. Mtu hazikwi ambapo maji yatamfikia, kwa hiyo wazee walipotaka kujua ardhi kavu ni ipi waliangalia makaburi. Hata mtu akitaka kujenga huambiwa asishuke chini ya usawa wa waliolala.

"Lakini hicho ni kipimo cha bamvua," nikamwambia. "Wazee walipima maji waliyoyaona. Haya hawakuyaona. Wewe usije ukayaamini makaburi."

Aliandika maneno hayo kwenye simu yake. Nilimwona akiandika.

Vipimo vilipokamilika, jambo lilikuwa wazi hata bila kompyuta. Hori ni lenye kina. Pwani yetu ni ya maji mafupi. Wimbi linakwenda haraka zaidi penye kina. Maji yatapita horini na kufika bondeni wakati ya mbele bado yanajivuta juu ya matumbawe. Mwanamke anayekimbia kutoka kwenye mwani kwenda kilimani atakutana nayo bondeni. Njia ya mihogoni ni ndefu, dakika ishirini na sita kwa mwendo wa mtu mwenye kapu, wakati ya kilimani ni tisa. Lakini ya mihogoni inapanda tangu hatua ya kwanza. Kila dakika unayotembea unakuwa juu zaidi ya dakika iliyopita. Ya kilimani inashuka kwanza.

Ninaweza kukosea. Tetemeko la namna hiyo huenda lisitokee katika maisha yangu wala ya wanangu, na likitokea mbali, tutakuwa na saa kadhaa iwapo taarifa itafika. Lakini mke wangu ni mwenyekiti wa kikundi cha mwani. Wanawake thelathini na wawili wako ndani ya maji kila bamvua, saa ambazo bahari hukupwa mbali kama inavyojaa. Taarifa isipofika, watakimbia walikoambiwa wakimbie. Sikuwa na jambo jingine ninalolitaka kutoka kwenye ramani ile ila hilo.

Mtafiti aliondoka na madaftari yangu matatu ya vipimo. "Vipimo vyako ndivyo moyo wa kazi hii, Mwalimu," alisema. Akakaa kimya karibu mwaka mzima.

Ramani ilizinduliwa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai la kukodi. Ilikuwa kubwa, ya rangi, na mshale mwekundu ulitoka kwenye mashamba ya mwani ukaenda moja kwa moja kilimani. Nilisogea karibu. Pale bondeni palikuwa na rangi ileile ya kilima. Hori lilikuwa limechorwa kwa mstari mwembamba wa buluu ulioishia kwenye mikoko.

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji alinitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Swali, na liwe swali, si hotuba. Haya, fundi."

"Mpeni maji ajaze mpira wake!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, maana ni shemeji yangu kwa upande wa mke na utani wake ni wa siku zote.

"Naomba kujua," nikasema, "bonde limepimwaje?"

Mtafiti alisimama. Alikuwa amevaa shati jeupe. Hakunitazama; aliwatazama watu.

"Ndugu zangu, huyu mzee wetu ametusaidia sana. Jua kali, amebeba vifaa vyetu siku nzima, na ni mtu wa darasa la saba tu lakini ana moyo. Naomba tumpigie makofi."

Wakapiga. Walipiga kwa furaha kabisa, baadhi yao wakanigonga mgongoni.

"Bonde, mdogo wangu," nikasema tena. "Limepimwaje?"

"Niwaulize wenyeji," akasema, sauti imepanda. "Makaburi ya pale kilimani ni ya lini?"

"Babu wa babu yangu yupo pale!" akajibu mzee mmoja.

"Yamewahi kuingia maji?"

"Hata siku moja!"

"Basi. Wazee walipima kabla yetu."

Uwanja mzima ukaitikia. Nilibaki nimesimama. Maneno yangu nilikuwa nimeyasikia yakigeuzwa mbele ya macho yangu kama samaki kwenye kikaango, na nisingeweza kuyadai, kwa sababu nani angeniamini kwamba niliyasema ili yakataliwe?

Nilimkuta kwenye gari baadaye, anafunga buti.

"Ulitumia miraba ya ukubwa gani?" nikamwuliza.

Alishusha pumzi. "Mikubwa. Kilima na bonde vimo kwenye mraba mmoja."

"Na vipimo vyangu?"

"Mwalimu, nielewe. Ripoti ilitakiwa. Wanaoipitia wanauliza kila namba imepimwa kwa chombo gani. Nikiandika mpira wa maji watanicheka. Kupima upya kwa chombo wanachokitaka ni mwaka mwingine, na fedha hakuna."

"Wewe ulivikubali."

"Nilivikubali hapa."

Nilifikiri hapo ndipo mazungumzo yameisha. Kisha nikauliza swali ambalo sijui kwa nini niliuliza. Nadhani ni tabia tu ya kutaka kukamilisha jedwali.

"Lakini uliwahi kuiendesha modeli? Kwa vipimo vyangu, kwa miraba midogo?"

Alifunga buti. Akalifungua, akalifunga tena.

"Mara moja."

"Ikaonyesha nini?"

"Ulichosema." Alikuwa anatazama funguo mkononi. "Bondeni panajaa kwanza."

"Na umewaambia waende huko."

"Ni modeli tu, Mwalimu. Ni uwezekano mdogo sana. Utaliona wewe hilo wimbi? Ramani nitairekebisha kwenye awamu ya pili."

"Madaftari yangu."

"Yako ofisini. Nitayatuma."

Hayajatumwa. Nimempigia mara kadhaa, nikamwandikia ujumbe mara mbili, nikajibiwa mara moja: *Nipo safarini Mwalimu, Mungu akubariki.* Bado ananiita mwalimu.

Nilimsimulia mke wangu mazungumzo yote neno kwa neno. Alisikiliza huku anasuka kamba, akasema "Loh" mara moja tu. Kwa hiyo zoezi la kukimbia lilipopangwa nilijua atakataa kulishiriki, au walau atakaa nyuma. Lilipangwa asubuhi, siku ya maji mafu, bahari ikiwa haina nguvu na bonde likiwa kavu hata ungeweza kuanika nguo. Filimbi ikapigwa. Wanawake wakatoka kwenye mwani wakicheka, khanga zimefungwa viunoni, wakashuka bondeni, wakapanda kilimani wakapewa soda. Aliyewaongoza, mbele kabisa, ameshika bendera nyekundu, alikuwa mke wangu.

Sikusema naye siku mbili. Siku ya tatu aliweka chakula akabaki amesimama.

"Baba watoto, ulitaka nifanyeje? Niketi chini mbele ya wageni? Waseme mwenyekiti wa kikundi kakataa zoezi kwa sababu mumewe kanuna?"

"Ulijua bonde linajaa."

"Nilijua."

"Ukawapitisha."

"Lilikuwa kavu."

"Siku ile halitakuwa kavu."

"Basi siku ile si siku ile? Juzi ilikuwa juzi." Akavuta kigoda akaketi. "Wewe ukitaka watu wakuamini unawapa namba. Namba zako ni nzuri. Nimeishi nazo miaka ishirini. Lakini hawa hawataki namba, wanataka mtu."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mume wangu. Kwao wewe ni fundi wa mpira."

Nikavuta sahani, nikala. Wiki iliyofuata bango la chuma lenye mshale lilisimikwa mahali njia zinapogawana. Nililiendea siku moja na spana mfukoni. Nati zilikuwa mbili tu. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mtu akijifunza kuwa mabango yanaweza kugeuzwa, hataamini bango lolote tena, hata la kweli. Nikarudi nyumbani na spana yangu. Lakini nilijua pia kwamba sikulinda kitu chochote kwa kuliacha. Mshale ulibaki unaelekeza bondeni.

Mvua za vuli zilipita. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye vichanja vya kuanikia mwani kumpelekea mke wangu turubai. Alikuwa mwisho kabisa wa vichanja, anageuza mwani, mgongo kwetu. Aliyenipokea ni yule shemeji wa utani.

"Shemeji! Mbona siku hizi huonekani na mpira?"

"Umezeeka kama mwenyewe."

"Usinune bwana, lete hilo turubai. Nina habari ya kukufurahisha. Sisi siku ikija kilimani hatuendi."

Nikaliweka turubai chini. "Mnakwenda wapi?"

"Mihogoni, moja kwa moja. Kikundi kizima tumekubaliana, na kila mmoja kawaambia watoto wake. Si yule kijana msomi! Kumbe siku ya mkutano alimwita mkeo pembeni akamnong'oneza: mama, msipite bondeni, maji yataingia kwa nyuma, mimi nimeyaona kwenye kompyuta. Hakuweza kusema mbele ya wakubwa, masikini, kibarua chake. Lakini akaona hawezi kuondoka na roho zetu."

Wanawake wengine wawili walikuwa wamesogea, wanasikiliza, wanatikisa vichwa kwa kumhurumia kijana.

"Na wewe ulivyombishia mbele ya watu," mmoja akasema, "kumbe mlikuwa mnasema jambo moja."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesikia. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mwani, lakini hakugeuka.

Nilihesabu, kama nilivyozoea. Nikisema si kweli, wataniuliza ni nani basi aliyesema, nami nitasema ni mimi, na jioni hiyohiyo watarudi kwenye mshale. Nikinyamaza, shaka itabaki.

"Eti shemeji," yule wa utani akaniuliza, "wewe ulifanya naye kazi. Ni kweli aliyapima yale maji ya bondeni?"

"Aliyapima."

"Mwenyewe? Kwa vyombo vyake?"

"Mwenyewe," nikasema. "Kwa vyombo vyake. Msipite bondeni."

"Unaona!" akawageukia wenzake. "Mungu ampe umri mrefu yule mtoto."

Walikuwa wananingoja.

"Amina," nikasema.